Baba Mkwe Mlangoni mwa Baraza

Temeke, Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki, nami nina furaha mpaka naona haya.

Leo nimejifunza neno: dhana ya ndoa. Mwenyekiti wa baraza la usuluhishi, mama mwenye subira kuliko mie, katufafanulia taratibu. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mke na mume, sheria inawahesabu wameoana. Anayekataa ndiye alete ushahidi.

Ambakisye anakataa. Kaishi na dada yangu Zuhura miaka na miaka, kazaa naye, sasa kapata mwingine Manzese na anataka dada atoke mikono mitupu. Eti hawakuoana: yeye Mkristo wa Tukuyu, sie Waislamu wa Lindi, hapakuwa na shehe wala padri. Ni kweli hapakuwa. Ndiyo maana usingizi ulinipaa wiki nzima. Akishinda, dada hana matunzo, wala hana lake katika nyumba waliyoijenga pamoja.

Shahidi wake ni baba yake mzazi, kamtoa Tukuyu aje aseme hakuna mahari iliyotolewa. Mzee alipotokea mlangoni tu, dada akainuka na kujitanda kanga usoni. Mwenyekiti akamwambia akae, shauri ni lake. Dada hakukaa.

Mzee naye kageuzia uso ukutani. "Mwacheni mkwe wangu atoke kwanza," kasema, "ndipo niingie."

Kwao Tukuyu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Ni mwiko.

Dada akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti akamgeukia Ambakisye: "Baba, huyo aliyetoka ni nani kwa mzee wako?"

Nilitamani kupiga vigelegele.

Baraza halivunji ndoa, kwa hiyo shauri litakwenda mahakamani. Lakini litakwenda kama shauri la mke na mumewe.

Nilimkuta dada nje, kalowa chapachapa. Mtu anamkana mbele ya watu, naye bado anampisha baba yake! Nikamwuliza kwa nini hakubaki akawakomoa.

"Mzee hajanikosea," akasema.

Nampenda dada yangu, na leo nimemvulia kofia. Mie ningekaa palepale nimkodolee macho mzee wa watu, na kesi ningeipoteza.