Mlango wa Nyuma

Tunduma

Mdogo wangu Ikupa,

Nakusalimu wewe, shemeji Gasper na watoto. Natumaini mvua za huko kijijini Ruanda zimewapa nafasi ya kupalilia kahawa. Sisi huku tunapumua. Habari za Mama nitazifikia, nisikilize kwanza.

Unaujua mlango wetu wa nyuma: ukiuvuka tu umekanyaga Zambia. Mwezi huu nyumba za jirani zimevunjwa mchana kweupe, wezi wakatokomea ng'ambo kupitia milango kama huo. Mwenyekiti Deus akaitisha mkutano, akataka kila nyumba ya mpakani izibe mlango wa nyuma kwa matofali.

Unanijua. Nilisimama. Niliwaambia mpaka huu ulichorwa na Wazungu ambao hawakuwahi kula ugali wetu, wakatukata sisi Wanamwanga katikati kama mkate. Nikasema kulinda raia ni kazi ya serikali inayochukua ushuru wetu, si ya matofali ya mjane kama Mama. Fides, muuza mitumba aliyeibiwa, alinikatiza akasema mimi naishi kwenye magazeti ninayoyaandikia, yeye anaishi kwenye nyumba iliyovunjwa kufuli. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba anayeogopa ndugu zake ahamie Mbeya. Wakacheka zaidi, wakanishangilia, na azimio likaahirishwa.

Sasa kaa chini, Ikupa, ndipo uendelee kusoma.

Siku moja kabla ya mkutano, Mama alikuwa ameniambia. Nikiwa dukani, Ombeni, mtoto wa marehemu mjomba wa Nakonde, ng'ambo, hupita mlango huo na wenzake ambao Mama hawajui, wamebeba mizigo iliyofunikwa. Humwita shangazi, humwachia sukari. Alipomwomba asipite tena, Ombeni alimcheka, akauliza tangu lini shangazi akamfungia mtoto wake. Mama akanisihi niuzibe. Nikamwambia huo ni wasiwasi wa uzee. Hotuba yangu nilikuwa nimeshaiandaa.

Siku ya Jumanne, baada ya mkutano, Mama alikataa kumfungulia Ombeni na wenzake. Wakausukuma mlango, ukamwangusha. Mkono wa kulia umevunjika, umefungwa plasta. Majirani nimewadanganya kwamba aliteleza bafuni. Wewe ndiye wa kwanza kuujua ukweli. Kesho nakwenda kituoni kumtaja Ombeni, na Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya mtaa mzima, Fides akiwepo, niseme kilichotokea na niliyoyajua.

Leo asubuhi nimeuziba mlango mwenyewe. Mama alikaa kwenye kigoda akitazama matofali yangu yanavyopinda. Nilipomwomba msamaha akasema, "Ungenisikia mimi, baba, kama unavyotaka watu wakusikie."

Nilichota udongo nikaendelea.

Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwakumbatie. Nawe usichelewe kuja. Mama hawezi kuoga kwa mkono mmoja, na mimi hataki nimsaidie.

Kaka yako,
Yonathani