Asha na Dari ya Ukumbi

Rasbura, Lindi
Jumapili mchana

Dada Zainabu, shikamoo. Shangazi hajambo. Joto la huku halisemeki, lakini pweza wa kukaanga nakula fungu langu na lako.

Jana alasiri nilimwona Asha, mwenzangu wa maigizo aliyetuacha akaenda kwenye sarakasi. Tangu serikali itangaze kuwa mambo sasa ni ruksa, kikundi chao kimekuwa kikubwa mno, na jana wote waliingia kwenye ukumbi uleule mdogo tuliokuwa tukiigizia. Mlinzi akaninong'oneza, "Haya ni mambo ya uwanjani. Humu dari itawaumbua." Mungu anisamehe, niliomba iwe hivyo.

Wanaume wakapandiana mabegani, tabaka tatu, na Asha akakwea juu kabisa. Hakukuwa na nafasi ya kusimama. Akajilaza polepole kifudifudi juu ya mikono yao, mgongo ukigusa dari. Uwanjani tusingesikia kitu. Pale tulisikia hata anavyohema. Kisha watu wakalipuka kwa vifijo. Sisi hatukuwahi kushangiliwa vile hata siku moja. Niliona wivu.

Walipomaliza akanikimbilia, jasho likimtiririka.

"Rehema! Umeniona?"

"Sikuona vizuri," nikamjibu. "Watu walinizibia."

Akasikitika kweli, akaniahidi kuniwekea kiti cha mbele leo. Dada, jana nilikaa kiti cha mbele. Saa ya kwenda imekaribia, na sijui nitamtazamaje usoni.

Wabusu wanangu, nawe uniombee moyo mweupe.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema