Shemeji Yako na Mkalimani

Chumba cha juu, jengo la nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili jioni, tarehe tisa Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kwanza, habari zitasubiri. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi hii? Na mama, bado anawafokea kuku kama watu? Sisi wazima wa mwili. Mengine yasome ukiwa umekaa.

Lile suala la kazi ya shemeji yako limekwisha, na limekwisha vibaya. Nilikwambia kwenye simu kwamba hospitali iliipa kampuni mpya chumba cha kufulia, na kila dobi akaambiwa aombe upya kazi yake mwenyewe. Tangazo likabandikwa mlangoni: mwombaji awe anaizungumza lugha ya hapa kama mzaliwa. Dada, kwa kufua mashuka. Mle ndani mashine zinanguruma, watu wameziba masikio, wanaitana kwa mikono. Shuka la damu halimuulizi mtu kwao wapi.

Wazaliwa wote walirudishwa kazini, wageni wote wakapigwa chini. Mume wangu ana kichwa kigumu, unamjua. Akaenda baraza la kazi, maana sheria inasema mwajiri asidai lugha zaidi kuliko kazi inavyohitaji, asije akaigeuza fimbo ya kuwabagua watu. Na kibali chetu cha kukaa hapa kinashikiliwa na kazi hiyo. Ikienda, nasi tunaenda.

Siku ya shauri karani alimuuliza, kwa upole kabisa, kama angependa mkalimani. Ni haki yake, na ni bure. Akakubali. Lugha ya hapa anaijua, ananunua nayo sokoni, anagombana nayo na mwenye nyumba. Lakini siku hiyo alitaka lugha ambayo hata akiwa na hasira ulimi hautelezi. Nami niliona ni busara.

Alisema vizuri sana, mpaka nikalia pale kwenye benchi. Kisha wakili wa kampuni akasimama. Hakubishana na neno hata moja. Akamwonyesha mkalimani kwa kalamu yake, akasema, "Waheshimiwa, mlalamikaji mwenyewe ameomba mkalimani." Akakaa. Nikajua tumekwisha.

Uamuzi ulifika Alhamisi. Shemeji yako alikataa nimsomee. Akavaa miwani, akausoma wote kwa sauti pale mezani, kwa lugha ya hapa, hadi pale wanaposema hana uwezo wa kutosha wa lugha. Hakukwama popote. Mwanao, anayetusahihisha matamshi kila siku ya Mungu, hakupata cha kusahihisha. Baba yake akaikunja karatasi pembe kwa pembe kama shuka, akaenda kulala na viatu.

Tangu hapo haongei. Ukipiga simu, mwulize lolote, hata habari za mpira, umwache aseme mpaka achoke.

Basi tunarudi. Tuwekee kile chumba cha uani, hata kama bado kinavuja. Msalimie mama, na shangazi mshonaji, na binamu Domo, umwambie nimemwomba asihoji sana. Mungu awafunike nyote.

Na mtoto, Dada. Lugha yetu anajua salamu na matusi tu. Nakuomba, akifungua mdomo hapo nyumbani, asichekwe.

Mdogo wako anayekupenda,
Kitinda