Kinande ndani ya toki-woki

Bulengera, siku ya Yenga (Jumapili), magaribi.

Bado ninacheka peke yangu, na Mungu apewe sifa, maana toki-woki zetu, zile redio za mukono, hazikukamatwa.

Mbele ya misa ya jubile ya padri wetu ku uwanja, komanda wa askari alituambia: "Ku toki-woki ni Kiswahili tu. Nikisikia ile luga yenu ya Kinande, ninazikamata zote." Yeye ni mutu wa Kasai, hajue Kinande, na anataka kusikia kila kitu kinachosemwa, na siku hizi sisi wote tuko na woga. Lakini bila toki-woki, sisi ba protokole tungeongoza batu bengi vile namna gani?

Katikati ya matoleo, mama mumoja wa kijiji cha Kipese akanishika mukono karibu na altare. Binti yake mudogo amepotea. Nikauliza ku toki-woki. Komanda mwenyewe akajibu toka ku mulango wa uwanja: "Yuko hapa, mama. Analia sana, anakataa nimubebe. Hasikie Kiswahili."

Niliogopa, siwezi kuficha. Nikafanya alama ya musalaba, nikafinya kifungo, nikamuwekea yule mama toki-woki ku kinywa. Akasema na mutoto wake Kinande, polepole, kama vile bako ku jiko. Mama alipomaliza, nikaachilia kifungo. Nikangojea hasira ya komanda.

"Mama, usiache!" akasema. "Anaanza tena kulia. Sema naye mupaka nimufikishe."

Batu bakamupisha komanda. Alikuja amemubeba ku bega, toki-woki ku sikio la mutoto, na ile Kinande yote inatoka humo kwa sauti kubwa.