Tundu la Juu

Jumatatu, 4 Machi

Limefika. Gari-nyumba letu – kuukuu, limechubuka ubavuni, lakini lina kitanda, jiko, meza ya kukunja na friji. Mwalimu amelizunguka mara tatu kama anatafuta mlango. Miaka thelathini na moja mume wangu huyu amefundisha jiografia, mito na milima ya kwenye ramani tu. Sasa amestaafu, anataka kwenda kuiona. Na mimi niende naye.

Friji ni la umeme na gesi. Mimi fundi wa mafriji, ila la namna hii sijawahi kulishika. Halina mota, halingurumi. Kimoto kidogo cha gesi kinawaka nyuma, na huo moto ndio unaoleta baridi. Nimemweleza, akacheka: "Fundi, hapo unanitania."

Jumanne, 5 Machi

Friji limekwama digrii kumi na saba tangu jana. Insulini ya Mwalimu, dawa yake ya kisukari, inataka isizidi nane. Daktari alisema wazi: bila friji la uhakika, hakuna safari.

Nimelisawazisha gari kwa pima maji, maana friji la gesi likiinama halipoi. Mtungi wa gesi umejaa. Moto ni wa buluu, safi. Bado kumi na saba.

Mchana nikajilaza mle ndani. Pazia linapepea, kivuli chake kinapita darini kama barabara. Nikasinzia. Nikaona tunakwenda, usukani hauna mtu, maji yanatiririka pande zote mbili bila sauti. Nilipoamka sikujua kama nilifurahi au niliogopa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeupata ugonjwa wa friji. Friji hili linapumua – hewa iingie tundu la chini, ipande nyuma kwenye mabomba, itoke na joto tundu la juu. Aliyekuwa na gari kabla yetu aliliziba la juu kwa bati, nadhani kuzuia mvua. Joto halina pa kutokea. Kazi ya siku moja tu.

Mwalimu akauliza, "Vipi, Fundi?"

Nikasema haiwezekani.

Sijui neno lilitoka wapi. Yaani, najua. Mwaka jana alianguka bafuni, sukari imeshuka, hanitambui. Nikampaka asali kwenye ufizi huku jirani anawasha gari. Hospitali iko mtaa wa pili. Huko kwenye mito yake iko wapi?

Hakubishana. Mambo ya friji hajawahi kubishana na mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Ameshusha ramani ukutani. Amezikunja vizuri, kona kwa kona.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikuwa naanika nguo. Jirani akamuuliza Mwalimu safari lini. Akajibu kwamba mke wake amesema friji haliwezekani, na yeye akishasema, hakuna fundi mwingine wa kumuuliza. Alisema kwa fahari kabisa. Nikabaki nimeshika shati lake, linanichuruzikia miguuni.

Jumamosi, 9 Machi

Baada ya chai nikachukua drili na mkasi wa bati. Mwalimu akanifuata bila kuuliza. "Shika hapa," nikamwambia, akashika.

Tumeling'oa lile bati la juu. Nyuma ya friji nimeweka bati jingine kwa mshazari, hewa isizurure, ipite palepale kwenye mabomba na kutoka nje. Pembeni nimeziba kwa silikoni, moshi wa gesi usiingie tunapolala. Tunapolala – nilijisikia nikilisema hilo kwa sauti.

Akaweka kiganja kwenye tundu. "Kama pumzi ya mtu," akasema.

Saa tano, digrii kumi na nne. Saa saba, kumi na moja. Saa tisa nilikuwa nafunga wavu wa wadudu, yeye akasoma kipimajoto: tisa.

"Fundi. Jumatano ulisema haiwezekani."

Nilikuwa na skrubu mdomoni. Nikazitoa moja moja.

"Niliogopa."

"Uliogopa friji?"

"Nilikuogopea wewe."

Akafuta mikono kwenye suruali, taratibu, kila kidole. Akaenda kukaa kwenye kiti cha dereva.

Saa nzima sasa. Mimi naandika hapa kwenye meza ya kukunja, namwona kisogo. Hajageuka. Kioo cha mbele kimejaa mawingu, na nikitazama sana naona kama ni sisi tunaosogea.

Nane.

Nimemwambia. Ameitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akafungua mlango wa upande wa abiria, upande wangu, akauacha wazi.