Ripoti ya Kurasa Mbili

Mtaa wa Iftin,
Garissa.
9 Februari 2025

Mpendwa dada Nasteha,

Asalaam aleikum warahmatullah. Hujambo huko Doha? Shemeji Dayib na watoto wazima? Sisi tuko salama, alhamdulillah. Joto la Garissa unalijua. Ila nina donge rohoni, na nakumwagia wewe kwa sababu uko mbali.

Unaikumbuka ripoti yangu ya kisima cha Diff, pale mama anaponyweshea ngamia wake? Kurasa arobaini na moja. Nilianza na historia ya visima, nikaja aina za miamba, nikajaza majedwali. Kwamba pampu imekufa, nilisema ukurasa wa thelathini na nne. Mwaka mzima ilikaa kwenye meza ya kamati ya maji, na mama akaendelea kuswaga ngamia siku mbili kufuata maji.

Kisha akaletwa ofisini kwetu Leyla, binti aliyetoka chuoni juzi tu. Akapewa faili langu. Baada ya wiki akaandika kurasa mbili, na kamati ikazipitisha siku ile ile. Mkubwa wetu akazigawa ofisi nzima ili tujifunze. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja kazini, nijifunze kwa Leyla.

Nilizibeba nyumbani nizitafutie kosa, kalamu nyekundu mkononi. Sentensi ya kwanza inasema pampu ya Diff haifanyi kazi tangu Machi 2023. Ya pili, ngamia mia sita wanatembea siku mbili kufuata maji. Ya tatu, wangapi wamefia njiani. Ya nne inaomba pampu. Basi.

Nasteha, hivyo ndivyo wachungaji wetu wanavyopeana habari wakikutana njiani: kwanza maji, halafu malisho, mengine baadaye. Mimi nililelewa na habari hizo, nikaziacha mlangoni mwa ofisi nikidhani si za msomi. Leyla amezaliwa mjini, hata kukama ngamia hajui. Nilimwonea wivu, na bado namwonea.

Pampu mpya ilifungwa Jumanne. Jioni mama akanipigia, nyuma yake nasikia ngamia wakigombania birika. Akauliza, "Zakariye, ni ile karatasi uliyokuwa unaandika ndiyo imeleta maji haya?"

Nikasema ndiyo.

Akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu, mpaka simu yake ikaishiwa na chaji. Tangu hapo nikipishana na Leyla ofisini natazama viatu vyangu.

Nakuomba, ukimpigia mama Ijumaa, umwambie dua ile ni ya binti anayeitwa Leyla. Nimejaribu mara tatu kumwambia mwenyewe. Kila mara naanzia mbali, na mama anaitwa kisimani kabla sijafika.

Msalimie shangazi Muslimo na umbusu Batula mdogo. Mola awatunze ugenini na awarudishe nyumbani mkiwa na afya.

Ndugu yako akupendaye, pamoja na kijicho chake,
Zakariye