Matanga ya Ciku

Jumapili, 5 Aprili 2020

Njambi amenionyesha picha kwa simu. Binti yetu Ciku, amelowa chapachapa, anacheka. Wamembatiza kwa tangi la maji huko Murera, kwa kina Mutie, mchumba wake. Miaka tisa tangu tuache kanisa tukawa Wayahudi, miaka tisa namfundisha Sabato — na yeye anaoshewa yote kwa tangi la ng'ombe!

Nilisoma kwamba wazee wengine wa zamani, mtoto akiiacha imani, walimkalia matanga siku saba kama maiti. Basi. Nimerarua kola ya shati, nimefunika kioo, nimeketi chini. Njambi amesema hilo shati lilikuwa zuri.

Jumatatu, 6 Aprili

Siku ya pili. Karakana nimefunga, nani ananunua geti siku hizi?

Kamene, jirani, amechungulia uani, barakoa kidevuni. Huyu ndiye shangazi yake Mutie, ndiye aliyewakutanisha. Ati mbona tumeketi chini, nani ametuacha? Nikasema mtu wa nyumba hii. Akauliza, "Ni hii corona?" Nikainamisha kichwa tu. Alivyokimbia! Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Jioni redio imesema serikali imefunga Nairobi na viunga vyake hadi Thika. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Sisi Torati ilishatufundisha: mfiwa hutulia ndani akatafakari. Nimetafakari. Hasira haijapungua hata kidogo.

Jumanne, 7 Aprili

Ciku amepiga simu kwa mama yake, analia. Kamene aliwaambia watu wa Murera kwetu kuna corona, imeua, na Ciku alitoka hapa Ijumaa tu. Mama Mutie amemlaza stoo. Nguo zake wamezimwagia dawa ya Jik. Mutie mwenyewe anamsalimia kwa mbali, kama mkopaji.

Njambi akanisukumia simu. "Baba Ciku, mimi hawaniamini. Waambie wewe hakuna mtu amekufa! Neno moja tu!"

Nikasema maiti hapigi simu. Na niliapa kutoitwa Baba Ciku.

Njambi akaichukua simu, akatoka nayo uani. Sijui alimwambia nini.

Muriithi, anayeongoza kikundi chetu cha kusali, naye amepiga. Amesema hayo matanga si sheria, ni uchungu wa watu tu. Na hata yangekuwa sheria, Pasaka inaanza kesho jioni, na sikukuu huvunja matanga. Siku nne! Mimi nilizitaka zote saba.

Nampenda huyo mtoto. Ndiyo maana sitaki kusikia sauti yake.

Jumatano, 8 Aprili

Wamemfukuza. Ametembea kutoka Murera hadi hapa Mwihoko, mkoba mgongoni. Tangu saa tisa ameketi nje ya geti. Anaita, "Daddy, ni mimi. Nimechoka." Kamene amepiga kelele dirishani kwamba ataita watu wa afya. Watoto wamemrushia mawe madogo. Sikutoka.

Njambi anasema matanga yamekwisha, hakuna maiti tena, fungua. Ufunguo uko mfukoni mwangu.

Saa kumi na mbili na dakika kumi. Jua likitua ni sikukuu, siandiki tena. Saa moja ni kafyu, na polisi hawaulizi mtu dini yake.

Nimefungua kitabu cha Pasaka kutayarisha usomaji. Mwanzoni kabisa pameandikwa: kila mwenye njaa na aje ale. Nimemwambia Njambi mwaka huu tuuruke huo mstari.

Ameshusha sahani zote sakafuni, mikate isiyotiwa chachu, mboga chungu, kila kitu. Anaiburuta meza nje mpaka ukutani, kando ya geti. Ana miaka hamsini na saba na goti bovu. Juu ya ukuta nilipanga vipande vya chupa, kwa mkono wangu mwenyewe. Amekunja leso mara nne, ameiweka juu yavyo.

Anapanda. Hajaniomba ufunguo.